Kijani cha Parachichi Karibu na Ganda

Nyumba ya mtu mwaminifu haimsaidii mwanahistoria kwa lolote. Nasema hivi bila kejeli. Baba yangu, ambaye ndiye ninayemkusudia, alipoyasikia maneno haya kutoka kinywani mwangu aliyakubali kwa kichwa, kisha akaniuliza kama nilitaka chai zaidi.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mjini Migori. Shule zetu zilitakiwa kupeleka kazi za mikono kwenye maonyesho yaliyokuwa yafanyike Homa Bay katika muhula wa pili, na kila idara ilijichagulia yake. Mimi nilichagua kutengeneza mfano wa stesheni ya reli niliyokulia karibu nayo, kule Kendu Bay. Mwenzangu wa fizikia, Mkuria wa Kehancha ambaye hakuwahi kuniacha ninywe chai kwa amani, alikiweka kikombe chake chini.

"Mwalimu, Kendu Bay kuna reli?"

"Kuna stesheni."

"Stesheni bila reli! Kwetu mtu akijenga zizi bila ng'ombe tunamwita kando, tunamuuliza kama nyumbani ni wazima."

Nilimweleza kwa subira, kama nilivyozoea kuwaeleza wanafunzi wa kidato cha kwanza. Reli yenyewe ilikomea Kisumu, lakini meli za reli ziliendelea na safari majini, na gati letu lilikuwa stesheni kamili: dirisha la tiketi, saa ya ukutani, kengele, mizani, bohari, na karani mwenye kofia. Msafiri aliweza kununua tiketi Kendu Bay akafika nayo Nairobi. Hata reli ilikuwepo, ingawa fupi: vipande viwili vya chuma kutoka ukingo wa gati hadi mlango wa bohari, vya kupitishia vitoroli vya magunia. Na karani mwenye kofia alikuwa baba yangu.

"Basi usisahau kumweka mzee na kofia yake," alisema mwenzangu. "Angalau tujue ni stesheni."

Kazi ya kujenga haikunisumbua. Kuta nilizikata kutoka mbao za masanduku, na paa nililifua kutoka mikebe ya samli, nikilipiga mikunjo kwa msumari na rula. Vipimo nilivipata kwa kulipima jengo lenyewe kwa hatua. Kilichonisumbua kilikuwa rangi ya milango. Nimewafundisha vijana kwa miaka mingi kwamba anayeandika "takriban" pale ambapo angeweza kuandika kilicho sahihi ni mvivu, na uvivu wa namna hiyo ni dada wa uongo. Sikuwa tayari kupeleka Homa Bay milango ya takriban.

Nilikuwa na kumbukumbu ya kijani. Lakini pia nimewafundisha vijana wasiitegemee kumbukumbu pale ushahidi ulipo, na ushahidi ulikuwepo: jengo lilikuwa bado limesimama. Meli zilikuwa zimeacha kuja, na magugu maji yalikuwa yameufunika ufuko wote hata gati likaonekana kama limejengwa katikati ya shamba la mboga. Mlinzi aliniruhusu kukwangua kwenye mwimo wa mlango sehemu isiyozidi stempu ya barua. Nilipiga magoti na wembe wangu. Juu palikuwa na buluu. Chini ya buluu palikuwa na kijivu. Chini ya kijivu nilikuta utando mwembamba, mweusi-mweusi, ambao nilijua mara moja kuwa ni kuvu la ziwani, nikaupangusa kwa kitambaa chenye tapentaini. Na chini kabisa, juu ya mbao yenyewe, palikuwa na nyekundu safi iliyoiva, ile tunayoiita damu ya mzee.

Nilirudi Migori na furaha ya mtu aliyeishinda kumbukumbu yake mwenyewe. Niliipaka milango yote mitatu damu ya mzee. Jumapili iliyofuata niliufunga mfano wangu kwa shuka, nikaupeleka nyumbani ili wazee wauone kabla ya majaji.

Baba aliuzunguka mara mbili, mikono nyuma, kama alivyokuwa akizunguka shehena. Alisema mizani iliwekwa upande usio wake. Mama yeye aliinama, akatazama milango, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa.

"Mama, kuna nini?"

"Mwanangu, umeivisha stesheni nguo ya ndani, kisha ukaitoa nje."

"Nguo gani ya ndani?"

"Hiyo nyekundu ni ya kwanza. Wanapaka hiyo ili ile nyingine ishike. Hakuna aliyewahi kuiona zaidi ya siku moja, na siku hiyo tulikuwa tunageuza macho." Alijipangusa machozi kwa ncha ya leso. "Milango ilikuwa kijani."

Nikaukumbuka ule utando wa kuvu nilioupangusa kwa tapentaini. Nilikuwa nimeushika ukweli kwa mikono yangu, nikausafisha.

"Kijani gani?" niliuliza, kwa sauti ya chini kidogo.

"Cha parachichi. Si cha ganda. Cha ndani, karibu na ganda, pale unapofikia kijiko ukiwa mchoyo."

"Unakumbukaje kwa undani hivyo?"

"Nilikuwa nakiona kila siku nikienda kuteka maji. Mlango wa fundi wa rangi, mlango wa serengi aliyewasimamia mabaharia, mlango wa mlinzi wa bohari, milango ya wapagazi. Yote ilikuwa kijani hicho. Isipokuwa mmoja." Alimtazama Baba. Baba aliitazama chai yake.

Sina budi kueleza hapa desturi iliyokuwepo. Kila stesheni ilipopakwa rangi upya, sehemu ya chini ya kila mkebe ilibaki na rangi nzito ambayo haikufaa tena kazi ya siku ya pili. Watu wa gati waliiita mkia wa mkebe, na mkia huo ulikuwa ukiondoka jioni chini ya kanga, na asubuhi mlango wa mtu ulikuwa umependeza. Baba hakukubali mkia uingie kwake. Mlango wetu ulipakwa oili chafu ya injini, ambayo huzuia mchwa vizuri sana, ila hunata wakati wa jua na huacha alama kwenye nguo ya kanisani. Katika utoto wangu wote, watoto wa gati walitutambua kwa mgongo wa shati.

"Sijaomba gari," alisema Mama, bado akicheka, ingawa sasa kicheko kilikuwa kimebaki mdomoni tu. "Sijaomba mabati mapya. Ningependa tu, kabla sijazeeka nikashindwa kutoka nje, nifungue mlango wa rangi ile, uwe wangu."

Hapo nikajua kwamba sikuwa tena natafuta rangi ya milango mitatu. Nilikuwa natafuta rangi ya milango minne.

Hata hivyo, ushuhuda wa shahidi mmoja hautoshi, awe mama au asiwe mama. Siku iliyofuata nilizunguka nyumba zilizokuwa za watu wa gati, nikiomba kuona milango ya zamani. Sijawahi kupokewa kwa adabu nyingi na msaada mchache kiasi kile. Jina la baba yangu lilinitangulia kila nilipokwenda. "Wuod karani anakuja," niliwasikia wakiambiana, yaani mwana wa karani, na nilipofika mlango ulikuwa umekwisha kufunikwa kwa pazia. Jirani mmoja, mjane ambaye amenipa uji mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, alisimama mbele ya mlango wake amenyoosha mikono, kama mlinda lango.

"Huu niliolewa nikaukuta," alisema.

"Sijakuuliza ulitoka wapi, mama."

"Ndiyo nimekujibu kabla hujauliza."

Walikuwa wakidhani kwamba, baada ya miaka yote ile, Karani amemtuma mwanawe kudai mali ya reli. Kwetu ndiko kulikokuwa na nyumba pekee ambayo mtu angeweza kuikagua bila pazia, na kwetu hakukuwa na tone la rangi. Ndipo nilipoanza kuliwaza lile neno la mtu mwaminifu na mwanahistoria.

Mama ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa rangi mwenyewe, ambaye baada ya kustaafu alihamia kwa mwanawe pembeni mwa mji wa Homa Bay. Nilimkuta akisuka kamba. Hata sikuwahi kujitambulisha.

"Wewe ni wa Karani," alisema. "Una uso ule ule wa kuhesabu magunia. Babako amekutuma?"

"Hapana, mzee."

"Reli imekutuma?"

"Hata kidogo. Natengeneza mfano wa stesheni, ukubwa wa kabati la vyombo. Nataka kujua rangi ya milango."

Akamwita mkewe aliyekuwa jikoni. "Njoo umwone mtoto wa Karani! Amekuja kuchukua mlango!"

"Mwambie alete wa kwao kwanza tuukague!" mkewe alijibu bila kutoka.

Baada ya hapo tulizungumza vizuri. Nilimuuliza, kwa kuwa sikuweza kujizuia, kama desturi ile ya mkia wa mkebe ilikuwa halali. Alinijibu kwamba agizo la wakubwa lilikuwa wazi: rangi iliyobaki chini ya mkebe itupwe.

"Nasi tuliitupa," alisema. "Tuliitupa kwenye milango ya wake zetu."

Swali hilo nimewahi kuwapa wanafunzi wangu baadaye, na darasa liligawanyika katikati. Nina msimamo wangu, nao ni mkali, lakini nakiri kwamba siku ile, nikiwa nimekalia kiti cha yule mzee na kunywa chai ya mkewe, sikuutamka.

"Mama yako nilimhurumia," aliendelea. "Nikampelekea nusu mkebe, nimeufukia ndani ya kikapu cha mtama. Asubuhi yake Karani akaja gatini ameushika mkononi, mabaharia wote wanatazama. Akaniambia, 'Fundi, umesahau kitu chako kwangu.' Hakunishtaki. Alinirudishia tu, akaenda kupiga kengele. Afadhali angenishtaki!"

Mlango wake wa kale, aliouhamisha pamoja na vyombo vingine, sasa ulikuwa mlango wa banda la kuku. Jua na kuku walikuwa wameufanya rangi ya majivu. Lakini alileta bisibisi, akafungua bawaba ya juu, na chini ya chuma, mahali ambapo mwanga haukuwahi kufika tangu siku ilipopigiliwa, palikuwa na kijani kibichi, laini, chenye manjano kwa mbali. Alikiinua kwa ncha ya kisu kipande kidogo kama punje ya dengu, akakiweka ndani ya kiberiti changu kitupu.

"Mwambie Karani," alisema, "kwamba hiki nacho kinarudi."

Nilirudi Migori na kiberiti mfukoni, na katika soko nikanunua parachichi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuwa akichanganya rangi kwa macho na kwa uzoefu, alikitazama kile kipande akasema hawezi kuchanganya rangi kwa kufuata kitu ambacho angeweza kukivuta puani. Basi nikalikata parachichi juu ya meza yake, nikamwonyesha pembeni mwa ganda.

"Hapa. Si katikati. Hapa."

Akachukua kijani, akaongeza manjano, akaongeza nyeupe, akakoroga, akapaka kwenye ubao. Kilikuwa kikali mno. Akaongeza nyeupe. Kikawa cha hospitali. Wateja wakaanza kukusanyika, kila mmoja akiwa na rai, na mmoja aliyekuwa amekuja kununua misumari akauliza kama ile nusu nyingine ina kazi, kisha akaila. Mwenye duka akakoroga tena, akainua ubao, akalitazama parachichi, akaguna.

"Mwalimu, shahidi wako anabadilisha maneno!"

Kweli, parachichi lilikuwa limeanza kugeuka kahawia. Nilikata pembe nyingine mbichi, tukafanya haraka, na katika jaribio la nne ubao, parachichi na kile kipande cha kwenye kiberiti vilikuwa kitu kimoja. Watu walipiga makofi. Sijui walichokipigia, lakini na mimi nilipiga.

"Nikufungie kiasi gani?" aliuliza mwenye duka.

"Lita nne."

"Stesheni ina milango mingapi?"

"Mitatu."

"Mikubwa vipi?"

Nilimwonyesha kidole changu cha shahada. Alikitazama kidole, akautazama mkebe, akaniuzia bila neno zaidi.

Likizo ya Aprili ilianza wiki ile. Niliipaka milango ya mfano wangu kwa brashi ndogo, nikafika Kendu Bay Ijumaa alasiri, muda mfupi kabla ya Sabato kuingia. Kwetu siku ya Sabato mikebe haifunguliwi. Mkebe ulikaa chini ya meza siku nzima ya pili, umefungwa, na hakuna aliyeutaja. Niliona tu kwamba Mama alikuwa amekigeuza kiti chake kikaelekea upande huo, na kwamba Baba alikuwa amekigeuza chake kikaelekea dirishani.

Jumapili asubuhi, baada ya chai, Baba alivaa miwani.

"Stesheni yako imekwisha kupakwa?"

"Imekwisha, Baba."

"Ilikula rangi kiasi gani?"

"Kama vijiko viwili."

"Na huu mkebe?"

Nilikuwa nimelitayarisha jibu hilo njiani kutoka Migori, na nililiona zuri. "Hayo ni mabaki, Baba. Yangu mwenyewe, si ya reli. Nilifikiri tusiyatupe."

Alinitazama juu ya miwani, jinsi alivyokuwa akilitazama gunia lililopungua uzito. "Mabaki," alisema, "ni kile kinachomshangaza mwenye kazi. Alidhani kitakwisha, hakikwisha. Wewe ulishangaa?"

"Hapana."

"Basi si mabaki. Umemnunulia mama yako rangi, jambo jema, kisha ukaona haya, ukatafuta jina la kuipitishia nyuma ya nyumba."

"Mzee," alisema Mama, "mlango wenyewe uko mbele ya nyumba."

Mimi ninayewapa vijana adhabu kwa nusu ya kweli nilikuwa nimeleta nyumbani kwa baba yangu nusu ya kweli ya lita nne. Niliomba radhi. Nilisema wazi kwamba nimemnunulia Mama rangi kwa sababu anaitaka, na kwamba naomba ruhusa ya kuupaka mlango.

Baba alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Mimi sikuikataa rangi," alisema, na hakuwa akizungumza nami tena. "Nilikataa maneno. Karani mwenye ufunguo wa bohari, na mlango wake rangi ya bohari. Hata ningeinunua kwa mshahara wangu, ni nani angepita hapo akaamini? Niliiulizia bei Kisumu."

Mama aliweka kikombe chini. "Uliiulizia?"

"Mara mbili."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia, ungesema ninunue."

"Ningesema ununue," Mama alikubali. Alikaa kidogo akimtazama mumewe wa miaka mingi, kama mtu aliyekuta chumba asichokijua ndani ya nyumba yake. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akarudi na msasa, matambara na brashi mbili mpya kabisa. Sijui alizinunua lini. Sikuuliza.

Kuiondoa oili ya miaka thelathini kulituchukua siku mbili. Nilianza na nyekundu, kwa kuwa sasa nilikuwa mtu aliyeelimika, na nyekundu ilipokuwa ikikauka Mama hakutaka mtu yeyote aje kututembelea. "Bado uko na nguo ya ndani," aliwaambia kutoka uani. Siku ya tatu tukapaka kijani. Sehemu ya juu niliipaka mimi, sehemu ya kati aliipaka yeye. Ile ya chini, kuanzia kwenye komeo, Baba aliipaka mwenyewe, polepole, amekaa juu ya kigoda, bila kudondosha hata tone.

Baadaye alikibeba kiti chake akakiweka nje kando ya mlango, na mkebe akauweka juu ya goti, karatasi ya duka ikiwa imeelekea barabarani. Kila aliyepita alisimamishwa.

"Karani! Kumbe na wewe!" alipiga kelele mmoja aliyekuwa mpagazi wa gati.

"Kumbe na mimi nini? Njoo usome hapa. Migori. Duka. Imenunuliwa."

"Sisi tungekupa bure tangu zamani!"

"Ndiyo maana nilingoja."

Mfano wangu ulipata nafasi ya pili Homa Bay, nyuma ya mfano wa josho la ng'ombe lililokuwa na maji ya kweli. Jaji mmoja aliuliza reli iko wapi. Kuhusu milango hakuuliza kitu, na sikuona sababu ya kumweleza.

Jioni ya ile siku ya tatu Mama alikuwa ameufungua na kuufunga mlango mara nyingi kuliko haja, akitoka na kuingia na vitu ambavyo havikuhitaji kutoka wala kuingia. Hatimaye alikuja kuuangalia mkebe. Nilikuwa nimekisia kwamba lita nne zingetosha mlango na madirisha yote, lakini nilikosea, kwa kuwa Mama hakutaka madirisha yafanane na mlango. Chini palikuwa pamebaki rangi nzito, kama kikombe na nusu. Yule jirani mjane alikuwa amesimama uani, bila pazia lolote sasa, akiutazama mlango wetu kwa jicho ninalolijua.

Mama alimpa mkebe mbele yetu sote. Nilimgeukia Baba kuona atasema nini.

"Wewe ulidhani itakwisha?" aliniuliza.

"Nilidhani itakwisha."

"Hayo sasa," alisema, "ni mabaki." Akainuka, akaufungua mlango kwa kushika komeo tu, asije akauchafua, akaingia ndani.